Wifi Yangu na Wifi ya Uani Kwake

Nilikuwa nimesimama mlangoni nazungumza na mume wangu kwa simu, na hasira zimenijaa. Yeye yuko Unguja kwenye kazi za ujenzi. Mimi niko huku Micheweni na mtoto wetu na mama yake. Akaniuliza mtoto kasoma nini leo. Nikamjibu kwa sauti, maana nikikasirika sijui kunong'ona: "Hajasoma kitu! Wifi imekufa tangu asubuhi!"

Mavyaa wangu, yaani huyo mama yake mume wangu, alikuwa ukumbini anachagua mchele. Alichosikia yeye ni "wifi" na "kufa". Na wifi ninayemtaja kila siku mbele yake ni mmoja tu, binti yake mkubwa, anayekaa nyumba ya pili kutoka yetu. Ungo ukaruka huko, mchele ukamwagika huku. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun! Mwanangu! Jamani, mwanangu!"

Kwetu kilio hakisubiri maelezo. Kabla sijakata simu uwanja umeshajaa wanawake. Jirani mmoja kaja na ndoo, kashafunga kanga kiunoni, tayari kuteka maji ya kuoshea maiti. Katikati ya watu hao akaingia marehemu mwenyewe, tepu ya kupimia nguo iko shingoni, pini ziko mdomoni. Akazitema kiganjani, akauliza:

"Nani kafa?"

"Weye!" akajibu mwenye ndoo.

"Mie? Mbona sijaambiwa?"

Ilibidi nieleze mbele ya watu wote. Nikasema, mavyaa, mimi nimesema "imekufa", sikusema "amekufa". Ni ile wifi ya kwenye simu, ile hewa. Mavyaa kakaa chini, anatweta, anajipepea na upindo wa kanga. "Kufa ni kufa," kasema. "Na kidude hicho kwa nini kipewe jina la mwanangu? Hamkuona jina jengine?"

Tangu hapo mtaani wanatofautisha. Kuna wifi mtu, na kuna wifi hewa.

Sasa nacheka. Siku ile sikucheka, kwa sababu binti yangu hasikii. Homa ilimchukulia masikio kabla hajajua kusimama, na kwa muda mrefu niliambiwa nisubiri, eti kuna watoto wanaochelewa. Nikasubiri. Mtoto akakua hana neno hata moja, si la mdomo si la mkono. Akitaka maji analia, akiumwa tumbo analia, akimtaka baba yake analia, na mimi nabahatisha kilio kipi ni cha nini. Mwaka jana tukampata mwalimu wa lugha ya alama. Yuko Unguja, anafundisha watoto wa mbali kwa video. Mnakaa mama na mtoto mbele ya simu, mnatazama mikono yake, mnaifuatisha. Mwakani binti yangu anatakiwa aanze shule. Akiingia ana lugha, atakuwa mwanafunzi. Akiingia hana, atakaa darasani kama mtungi, atolewe mchana kama alivyowekwa asubuhi. Hilo ndilo lililokuwa likinikaba siku zote hizo.

Na tulikuwa tukisoma kwa wifi hewa ya wifi mtu.

Watu wanasema mtu na wifi yake ni paka na panya, na mimi nilipoolewa niliingia nyumba ile nimetoa kucha. Yeye alikuwa ameshaachwa, karudi kwao na cherehani yake, na cherehani hiyo ndiyo iliyomjengea nyumba. Sehemu aliyopewa na baba yake ina njia katikati, wanawake wanapita na mwani wakitoka pwani. Fundi alimshauri aizibe ajenge vyumba vya kutosha. Alikataa. Alisema njia kaikuta, na waliomo ndani ya njia kawakuta pia. Kwa hiyo nyumba yake imekaa upande, nyembamba, kama mtu aliyejibanza kumpisha mwenzake. Sijawahi kumsikia hata siku moja akimuuliza mwanamke aliyepita pale kabeba nini, mwani wa nani, anaupeleka wapi.

Hilo boksi la mtandao alilinunua ili aone mitindo ya magauni ya harusi. Bahati mbaya, au nzuri, hewa haijui ukuta. Majirani wakaanza kukaa barazani kwake bila ya sababu, wanaangalia simu zao, wanasifia hali ya hewa. Akawaambia wasijitie wajinga. Anayetaka atoe mchango, apewe paswedi. Wakatoa. Baraza ikajaa: wanaume wa mpira, mabinti wa mapishi, mzee mmoja mwenye mtoto Maskati, mimi na binti yangu. Na wifi akaweka sharti moja tu, kalisema kwa mdomo huku akishona: "Mie nakuuzieni njia. Mzigo ni wenu."

Sharti hilo lilinigeukia mwenyewe. Darasa letu lilikuwa saa ya Alasiri, na siku za mechi wanaume wote wako pale wanaangalia mpira, picha ya mwalimu inakatikakatika. Nikamfuata wifi. Nikamwambia wale awafungie, mara hii tu, mpaka mtoto amalize.

"Sifungi."

"Wifi, huyu ni mtoto wa kaka yako."

"Namjua. Nimemfunga nepi." Hakuinua hata macho kwenye kitambaa. "Leo nikimfungia mwenye mpira kwa ajili ya wangu, kesho nitamfungia nani kwa ajili ya nani? Wametoa mchango kama ulivyotoa. Ukitaka, nenda kawaombe. Una mdomo, tena mkubwa."

Niliondoka nalitoa moyoni mwangu kila tusi ninalolijua. Nilikwenda kuwaomba, lakini kwa ule uso niliokuwa nao nafikiri waliona nakuja kuwapiga. Wengine walizima, mmoja akageuka upande wa pili na simu yake.

Wiki iliyofuata wifi alichukua kifurushi kikubwa zaidi. Hakutangaza. Nilijua kwa sababu picha ya mwalimu ilitulia, na mpira nao ukatulia, na nilimwona ana magauni ya watu wengi kuliko kawaida, cherehani inalia tangu alfajiri. Njia ilikuwa nyembamba, naye hakumtoa mtu njiani. Kaipanua. Nilimpelekea mkate wa kumimina, akaula, akasema sukari imezidi.

Miezi ile binti yangu alikula maneno. Maji. Moto. Kuku. Sitaki. Hilo la "sitaki" alilipenda sana, akawa analitumia hata usingizini.

Ndipo akaja kijana wa kampuni ya mtandao, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Kaja na habari njema. Wifi ahamie kifurushi kipya, bei ya chini kabisa. Kuchati na kuonana kwenye programu ya kampuni, mpira na tamthilia zake, vitapita mbio. Vyengine vyote vitapita pia, alisema, ila "kwa utulivu". Na juu yake watampakia nyumba rangi ya kampuni, bure, nje yote.

"Kwa utulivu ndiyo vipi?" wifi akamuuliza.

"Yaani... taratibu kidogo, bi mkubwa."

"Na darasa la mtoto huyu liko wapi? Kwenye mbio au kwenye utulivu?"

Kijana akamwangalia binti yangu, akamwangalia wifi, akasema hilo litakuwa kwenye utulivu.

"Basi rangi yako karudi nayo. Nyumba yangu ina chokaa."

Baraza ilicheka. Lakini chokaa haikutusaidia kitu. Haukupita muda, hata kifurushi chetu kile kile cha zamani kikaanza kubadilika. Nilijua kwa macho yangu. Boksi ni lile lile, saa ni ile ile. Tamthilia ya kampuni kwenye simu ya jirani inateleza kama samli, na mwalimu wangu kaganda. Ingekuwa mnara umelemewa, tungeganda sote. Hapa kuna mtu, mahali fulani nisipopajua, kakaa akaamua nani apite na nani angoje. Na mtu huyo hata hajui kama tupo.

Ninyi mnaosikia, picha ikiganda mnaunga sauti vipande vipande mnaelewa. Kwa mtoto wangu, picha ikiganda mwalimu kanyamaza. Tena afadhali anyamaze, kuliko kusema nusu. Siku moja alikuwa anafundisha neno "bibi". Mkono ukapanda, ukafika kidevuni, picha ikaganda hapo. Mtoto akaona neno limekwisha. Kutwa nzima akawa anamfuata mavyaa, kaweka mkono kidevuni, anamkodolea macho, anasubiri aitikiwe. Mavyaa akaona jino linamsumbua mjukuu wake. Akamsukutulisha maji ya chumvi.

Mtoto alilia mpaka akalala. Alikuwa anamwita bibi yake.

Kisha zikaja siku wifi hewa ikafa kabisa, na ndipo mavyaa akamlilia mwanawe aliye hai. Baada ya kisa hicho tukasikia kwamba watu wa serikali watakuja ofisi za wilaya kusikiliza maoni. Swali lenyewe lilikuwa hili: serikali iwawekee wenye mtandao sheria, wapitishe kila kitu sawasawa, au iwaachie wajipangie wenyewe?

Mimi kwa kawaida siendi mikutano. Viti vya mbele vina wenyewe na soda zina wenyewe. Lakini hiyo nilikwenda, na binti yangu mgongoni, na wifi pembeni yangu kajipaka hina mpya kama anakwenda harusini.

Akaanza bwana wa kampuni, mwengine, mkubwa wa yule wa rangi. Alizungumza vizuri, simwonei. Alisema kujenga mnara kwenye ardhi ya mawe kama yetu ni gharama, na sheria zikizidi kampuni zitashindwa kuja. Akasema mteja ana hiari. Asiyependa kampuni moja, ahame.

Nikanyanyua mkono, na kabla sijapewa ruhusa nishasimama. "Ahamie wapi? Huku mnara ni mmoja. Ukiuhama unahamia kwenye ukimya. Labda tuhamie Ole, kule kwenye mikarafuu, tukapandishe simu mtini." Ukumbi ukacheka. Nikawahadithia kisa cha bibi na maji ya chumvi. Mwanzo wakacheka pia. Kisha nikageuka ili wamwone niliyembeba, na kicheko kikaisha.

Mzee wetu wa barazani, yule mwenye mtoto Maskati, akasimama kwa fimbo yake. "Mie namhurumia mtoto yuno, Mungu ndiye shahidi. Lakini kwangu nyumbani nina kifurushi hicho cha rahisi, na kwa hicho namwona mwanangu kila siku. Serikali ikikikataza, nani atanionyesha mwanangu?"

Kila jibu nililolifikiria lilikuwa ni kumwambia baba mtu mzima asimwone mwanawe ili mimi nifundishwe neno "kuku".

Bwana wa kampuni akaona mwanya. Akanigeukia kwa sauti laini, ya ubani. "Mama, suala la mtoto wako limetugusa. Sheria za nini? Tutakuwekea njia maalumu, yeye na mwalimu wake. Nakuahidi mbele ya mheshimiwa."

Watu wakapiga makofi. Nilitaka kusema ndiyo. Nasema kweli, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Wifi akasimama.

"Bwana, ahsante. Sasa nikuulize. Mtoto huyu kapewa njia kwa kuwa mama yake ana mdomo. Mwenye mama mpole, je? Mwenye mama ambaye leo yuko mwanini, hakuja hapa? Kila mwenye shida aje alie mbele yako ndipo umfungulie?" Alipumua, akamgeukia mzee. "Na wewe, ami yangu, asikuguse mtu na mwanao. Mie sisemi wakupandishie. Nasema rahisi iwe ya njia, kwa kila kinachopita, isiwe ya mzigo wanaouchagua wao. Kwangu pale inapita njia ya mwani. Ningetaka, ningesema wa ukoo wetu wapite bure na wengine wangoje jua lizame. Nani angenizuia? Hakuna. Lakini mngeniita nani? Sasa huyu bwana anafanya hivyo, na nyie mnampigia makofi."

Afisa wa serikali, mwanamke wa makamo mwenye buibui, akaacha kuandika, akamwangalia. Akamuuliza swali la maana: "Na bi, njia ikijaa kweli kweli? Kwako unafanyaje?"

"Niliombwa nimpishe huyu huyu mtoto, nikakataa," wifi akasema. "Muulizeni mama yake, hajanisamehe. Nilishona usiku na mchana nikaipanua."

Ukumbi mzima ukageuka kuniangalia mimi. Wifi naye akanigeukia, mbele ya watu wote. "Lakini mtoto ni wako. Ukitaka njia yake maalumu ichukue. Sitakulaumu, wallahi."

Nimemwona mwanamke huyo akiwa na pini mdomoni, na homa, na mchanga wa pwani miguuni. Sijamwona mkubwa kama pale. Kashika haki ya watu wote mkono mmoja, na mkono wa pili kaniachia wazi nitoke.

Nikamwambia bwana wa kampuni: "Nipe hiyo njia. Nipe leo hii, mtoto wangu hana muda wa kungoja sheria. Na wewe, mheshimiwa, andika kwamba sheria bado naitaka, ili huyu akishanisahau awe na wa kumkumbusha, na mwengine asilazimike kuja kulia hapa."

"Ndiyo mdomo huo nilioozewa," wifi akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana.

Wageni waliondoka na karatasi zao. Sheria hatujaiona bado. Huenda inapikwa, huenda imeungua, sijui. Njia maalumu nayo haijafika mpaka leo. Nikilalamika, wifi ananiambia nisiwe na haraka, labda imekwama bandarini Mkoani inangoja kupakuliwa kwenye boti. Nikimkasirikia anaongeza: labda wanaipaka rangi kwanza.

Kilichobadilika ni baraza. Saa ya darasa ikifika, mzee anaingiza simu mfukoni mwa koti lake, anakaa tu, anaangalia mikono ya mtoto wangu kama anaangalia mpira. Wanaume wengi wanazima. Yule mmoja bado anageuka upande wa pili. Wifi hajamwambia mtu neno, wala hawezi kumwambia, maana sharti lake ni lile lile. Nawashukuru. Lakini sitaki mwanangu ajue kusema kwa sababu watu wa barazani wamekuwa wema leo. Wema una siku zake za kuumwa na kichwa. Na wakizima wote, bado kuna yule wa mbali asiyetujua, na siku akiamua sisi tungoje, tunangoja.

Mwalimu kawafundisha watoto kumpa kila mtu wao jina la mkono. Mimi jina langu ni kidole kinachopiga hewa, na sitaki kuulizwa kwa nini. Shangazi yake, wifi yangu, kampa jina la vidole viwili vinavyovuta kitu shingoni kushoto na kulia: ile tepu.

Juzi tumo darasani. Nilikwenda mara moja jikoni kwangu kugeuza chungu, nikamwacha barazani kwa wifi mbele ya simu. Akanijia mbio, ananivuta kanga. Akafanya tepu shingoni. Kisha akalaza kiganja, akakigeuza kifudifudi, kama tulivyomfundisha kuku alipochinjwa. Shangazi. Kafa.

Nilikimbia hivyo hivyo na mwiko mkononi mpaka uani kwa wifi, nikaingia bila ya hodi. Yuko kwenye cherehani, anakata uzi kwa meno.

"Nani kafa tena?" akauliza.

Binti yangu akaingia nyuma yangu na simu, akaninyooshea. Tepu shingoni, kiganja kifudifudi. Kwenye kioo mwalimu kaganda. Ndipo nikaelewa. Alikuwa hamsemi shangazi. Alikuwa anasema mtandao. Kwake ni jina moja, kwa kuwa vyote viwili viko nyumba moja. Na yeye hajui kama kwa mdomo pia ni neno moja, maana hajawahi kulisikia.

Wifi alipoelewa, alicheka mpaka pini zikamwagika sakafuni. Kisha akampakata mtoto. "Mwambie nipo," kasema.

Nikafanya tepu shingoni, nikamwambia kwa mikono: Shangazi yupo. Hajafa.

Akatazama simu. Mkono wa mwalimu bado unaning'inia kati ya kifua na kidevu, katikati ya neno. Akanitazama mimi. Hakuniamini.